Msafiri mwenye shilingi chache ale tunda

Nimechoka kusikia kwamba matunda ni chakula cha mwenye nacho. Nayasikia maneno hayo Nakivale, nayasikia ndani ya teksi, nayasikia hata midomoni mwa watu wa afya. Mama ana shilingi 2,000 tu za njiani, mtoto analia njaa, na ushauri anaopewa ni soda na mandazi, eti tunda halishibishi. Mimi ni mkalimani. Nasindikiza wagonjwa kutoka Nakivale hadi Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, wale wasiojua Kinyankole wala Kiingereza, nawasemea mbele ya daktari, kisha nawarudisha nyumbani jioni. Kazi hii imeniweka barabarani kwa miaka mingi pamoja na watu wenye pesa kidogo sana, na imenipa msimamo ambao sitauficha: katika nchi hii, mtu anayesafiri na shilingi chache hana mlo bora kuliko tunda, na anayemfukuza muuza matunda kando ya barabara anamnyang'anya msafiri huyo chakula chake.

Kwa wasioijua Nakivale, ni makazi ya wakimbizi yaliyoko wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania. Ilianza kupokea watu kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wamo Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengine, wote wakikutana sokoni kwa Kiswahili cha kila lafudhi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa ruhusa ya kutembea nchini na kufanya kazi. Barabara ya Mbarara ni yetu kama ilivyo ya wenyeji. Kinachotuzuia ni nauli, na nauli ikishapatikana, mfukoni hubaki kidogo mno.

Teksi tunayoisema hapa ni gari la abiria 14, lile ambalo Nairobi huitwa matatu na Dar es Salaam daladala. Huondoka Base Camp ya Nakivale alfajiri. Mgonjwa wangu ameamka usiku wa manane na mara nyingi hajala kitu, ama kwa sababu atatolewa damu, ama kwa sababu nyumbani hakuna kilichobaki. Tunakula vumbi mpaka tunapoikamata lami, kisha migomba ya Isingiro inaanza kupita dirishani kilima baada ya kilima, maana wilaya hii ni moja ya zile zinazoilisha Uganda matoke. Malori yaliyosheheni mikungu yanaelekea Kampala. Ndani ya teksi watu wanaitazama mikungu ile wakiwa na njaa. Matoke ni ya kupikwa. Hayasaidii mtu aliyeketi garini.

Mbarara ilipewa hadhi ya jiji Julai 2020, na hospitali yake inahudumia wilaya nyingi za magharibi. Pia ndiyo hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989. Watu ni wengi. Kuna foleni ya kadi, foleni ya daktari, foleni ya maabara, foleni ya dawa. Ikifika saa nane mchana mgonjwa wangu ameinamisha kichwa, na mimi mwenyewe sauti imeanza kukauka kwa kutafsiri. Hapo ndipo hesabu ya chakula inapoanza.

Bei ninazozitaja ni zile ninazolipa mimi, nazo hupanda na kushuka kwa msimu. Sahani ya matoke na maharage katika hoteli ya kawaida ni shilingi elfu tatu au zaidi. Kwa mtu na mtoto wake ni sahani mbili, na hapo nauli ya kurudi imeguswa. Wengi hukwepa na kununua soda ya 1,500 na biskuti za 1,000. Baada ya nusu saa kiu imerudi na njaa haijaondoka. Kwa shilingi 2,500 hizohizo mimi nanunua parachichi kubwa la 1,000, ndizi mbili za bogoya kwa 500 na vipande viwili vya nanasi kwa 1,000. Parachichi lina mafuta, na mafuta hukaa tumboni. Bogoya lina wanga na sukari inayotoka taratibu kuliko ile ya soda. Nanasi linaleta maji na vitamini C. Wanaosema tunda halishibishi wanafikiria tikiti maji, na kwa tikiti maji nakubaliana nao: hilo ni la kiu. Lakini mtu aliyekula parachichi zima na ndizi mbili hawezi kukwambia ana njaa saa ile ile.

Kuna bibi mmoja Mrundi niliyemsindikiza kwa ajili ya macho. Tulipotoka kwa daktari aliniambia, "Mwanangu, tukae kivulini kwanza." Akafungua pembe ya kitenge chake. Nilidhani ni pesa amefunga, ilikuwa chumvi. Akatoa mkate mdogo wa duara alioubeba kutoka Nakivale, akanituma parachichi. Nilipolileta akalishika sikioni na kulitikisa polepole, asikie kama kokwa inacheza. Akalipasua kwa kisu kidogo chenye mpini wa mti, akaisukuma kokwa kwa kidole gumba, akaziponda nyama zake humohumo ndani ya ganda kwa ncha ya kisu, akanyunyiza chumvi, akapaka kwenye mkate. Nusu yake, nusu yangu. Alikula bila haraka, akifuta ganda kwa kipande cha mwisho cha mkate mpaka likabaki jembamba kama karatasi. Bibi yule hakuwa na simu, hakujua kusoma, na sasa macho yalikuwa yakififia, lakini alisafiri akiwa amepanga mlo wake vizuri kuliko vijana wengi ninaowaona na chupa za soda mkononi.

Tangu siku ile mkoba wangu hauendi Mbarara bila kisu, chumvi iliyofungwa kwenye karatasi, chupa ya maji yaliyochemshwa na kitambaa. Ndimu pia ikipatikana, kwa sababu papai lililokamuliwa ndimu huwa tamu maradufu na harufu yake isiyopendwa na wengi hutoweka.

Nisieleweke kwamba tunda ni dawa ya kila mtu. Wagonjwa wa kisukari nawakataza kununua chochote kabla hatujamuuliza daktari, na nanasi lililoiva sana au ndizi sukari tano kwa mpigo zinaweza kuwadhuru. Wenye figo mbovu huambiwa wajihadhari na ndizi na parachichi kwa sababu ya potasiamu. Haya nimeyatafsiri mara nyingi, na nayarudia hapa kwa makusudi, maana Nakivale kuna wanaoamini kwamba kitu kilichotoka mtini hakiwezi kumdhuru mtu.

Watu wa Nakivale wamekuja kila mmoja na namna yake ya kula tunda, na hili ni jambo linalonifurahisha sana kuhusu mahali petu. Nenda Base Camp kwenye hoteli za Wasomali: sahani ya wali na nyama inakuja na ndizi mbivu nzima pembeni, na mteja anaimega vipande akila pamoja na wali. Vijana wa Kikongomani hushangaa mara ya kwanza. Mara ya pili wanaiomba. Waethiopia wanasaga parachichi na embe na kuzipanga kwenye glasi, tabaka juu ya tabaka, unakula kwa kijiko. Wanyarwanda na watu wa Kivu wanatafuta matunda damu, yale mekundu yenye uchachu ambayo hukamuliwa mdomoni moja kwa moja kutoka kwenye ganda. Sisi wa Fizi, Kongo, tunataka embe. Nilizaliwa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako msimu wa maembe ukifika hakuna aliyefikiria kununua. Ulipita chini ya mti ukaokota. Kulipia embe moja mia tano lilikuwa jambo gumu kwangu kuliko mambo mengi ya ukimbizi, na mpaka leo nikiwa sokoni natafuta yale madogo yenye nyuzi, kwa sababu ndiyo yenye ladha ya nyumbani.

Tabia ya kumpa msafiri matunda pamoja na wali si ya jana katika ukanda wetu. Ibn Battuta wa Morocco alipofika Mogadishu, mwaka 1331 kwa hesabu za wanahistoria wengi, aliandika jinsi alivyokaribishwa: wali uliopikwa kwa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu na maembe ya achari. Alieleza embe kwa wasomaji wake ambao hawakulijua, kwamba likiwa bichi ni chachu na likiiva ni tamu sana. Alipofika Mombasa akataja ndizi, ndimu na zambarau. Alikuwa mgeni mwenye kupokewa na masultani, na chakula alichokiona kinafaa kukumbukwa miaka karibu 700 baadaye kilikuwa na matunda ndani yake. Mama wa Kisomali anayeniwekea ndizi kwenye sahani pale Base Camp anaendeleza kitu kilekile, na mimi silipi zaidi kwa ndizi hiyo.

Sasa nirudi Mbarara, karibu na stendi ya teksi, kwenye toroli la nanasi. Muuzaji ninayemwendea ni mama wa makamo, Mnyankole, ambaye ananisalimu "Agandi, nyabo" na kuchagua nanasi kabla sijasema neno. Analishika kwa majani kama mpini, analisimamisha, anakata ganda kwa mikato mirefu ya juu kwenda chini. Yale macho meusi yanabaki yamejipanga kwa mshazari, naye anayafuata kwa kisu, mfereji mmoja upande huu, mfereji mmoja upande ule, mpaka nanasi lote linakuwa na mistari inayozunguka na hakuna nyama iliyopotea bure. Kisha analipasua mara nne, anaondoa moyo mgumu, na moyo huo humpa mtoto aliye karibu autafune. Majani yanabaki mkononi mwake hadi mwisho. Vidole vyake havigusi nyama ya nanasi hata mara moja.

Hilo la vidole ndilo lililonifanya nimwendee yeye. Matunda yaliyokatwa zamani, yakapangwa kwenye sinia na kunyunyiziwa maji ili yaonekane mabichi, siyanunui wala sikubali mgonjwa wangu ayanunue. Maji yale sijui yametoka wapi, na katika mji wenye msongamano kipindupindu na homa ya matumbo hupita hapo. Nunua tunda lenye ganda lake, ulimenye mwenyewe, au likatwe ukiwa umesimama unaona, kwa kisu kilichooshwa. Ndizi, parachichi, pasheni, chungwa na nanasi zimekuja na kifuniko chake. Embe na pera zioshwe kwanza kwa maji uliyobeba.

Kuchagua nako kuna elimu yake, na elimu hiyo inaokoa pesa. Nanasi linuse chini, upande wa kikonyo: likinukia utamu limeiva, likinukia kama pombe limepita. Pasheni iliyokunjamana, ile ambayo mtu mgeni anaikataa akidhani imezeeka, ndiyo tamu. Ndizi sukari yenye madoa meusi imefika. Ile ya njano tupu subiri kesho. Fenesi ni tunda kubwa kuliko yote yanayoota mtini duniani na hakuna msafiri anayelibeba zima, kwa hiyo linauzwa kipandekipande. Paka mafuta kidogo mkononi kabla ya kuligusa, la sivyo ulimbo wake utakaa nawe hadi Isingiro. Kokwa za fenesi zisitupwe. Zibebe nyumbani uzichemshe kwa chumvi au uzichome, ni chakula cha jioni. Na kama unaweza kusubiri, nunua jioni. Saa kumi na moja muuzaji anafikiria njia ya nyumbani na chane aliyokuwa akiitaka shilingi 3,000 asubuhi anaitoa kwa 2,000, hasa ndizi zikiwa zimeiva kiasi cha kutofika kesho. Ndizi hizo ni nzuri kwa kuliwa usiku uleule kijijini na watoto waliokuwa wanamsubiri mgonjwa.

Wakati mwingine mgonjwa anapelekwa mbele zaidi, Kampala, na hapo tunapanda basi. Ni safari ya kilomita 270 hivi. Basi likisimama Lukaya, madirisha yote yanajaa mikono: ndizi ya gonja ya kuchoma, maji, ndizi mbivu, nanasi. Abiria wenye pesa wananunua kuku. Mimi nanunua gonja moja la moto na ndizi mbivu, na nafika Kampala nikiwa nimeshiba. Wale vijana na akina mama wanaokimbia na mabasi wanafanya kazi ambayo hakuna hoteli inayoifanya. Wanamletea chakula mtu asiyeweza kushuka garini, kwa bei ya sarafu alizonazo, katika dakika ambazo dereva amewapa.

Na watu hao ndio wanaofukuzwa. Kampala, Januari 2022, wachuuzi waliondolewa mitaani kwa operesheni kubwa, na miji mingine ya Afrika Mashariki inafanya hivyo kila mara viongozi wapya wanapotaka kuonyesha usafi. Nimewahi kuona beseni la mapapai likipinduliwa na askari wa mji, sitautaja mji wenyewe, na mama mwenye mali akikusanya vipande vilivyopasuka huku abiria wakimtazama kutoka garini. Mtaji wake wa siku ile uliishia pale. Na sisi tulisafiri bila kula.

Hoja za wenye mamlaka nazijua. Maganda yanatupwa mitaroni, njia ya waenda kwa miguu inazibwa, aliye sokoni analipa ushuru na aliye nje halipi. Ni hoja za kweli, hasa ile ya maganda, nimeteleza mwenyewe. Lakini soko liko mbali na stendi, na mgonjwa wangu mwenye mguu uliofungwa bandeji hawezi kwenda sokoni na kurudi kabla gari halijajaa. Chakula cha msafiri lazima kiwe pale msafiri alipo. Kwa hiyo ninachoomba ni kitu kidogo na kinachowezekana: kila stendi iwe na sehemu ya wauza matunda, yenye kivuli, bomba la maji na pipa la maganda, na ushuru mdogo wa siku unaolingana na beseni moja. Maganda yenyewe yana kazi. Isingiro na Mbarara ni nchi ya ng'ombe, na maganda ya ndizi huliwa na ng'ombe na mbuzi. Kuna wafugaji wangeyachukua kila jioni bure. Mji utakuwa safi, halmashauri itapata ushuru, na muuzaji hatakimbia tena na kisu mkononi katikati ya magari, jambo ambalo linanitisha kila ninapoliona.

Kwa mashirika nako nina neno. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi kwa kadiri ya uhitaji, na walioonekana wanaweza kujitegemea wakaondolewa kwenye mgao. Fedha za wahisani zilikuwa zimepungua, na zimeendelea kupungua. Nilichokiona mimi ni kwamba nyumba ikipunguziwa, kitu cha kwanza kuachwa ni tunda. Unga unabaki, maharage yanabaki, tunda linafutwa kwa sababu wengi tumezoea kulihesabu kama kitu cha ziada. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Nakivale najua watoto wanaopitisha wiki bila kuonja papai, na papai lina ile rangi ya machungwa ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya macho na kinga. Tena anaposafirishwa mgonjwa, hupangiwa nauli tu, kana kwamba atashinda Mbarara bila tumbo. Shilingi 2,500 za matunda kwa mgonjwa mmoja hazitavunja bajeti ya shirika lolote linaloweza kulipia gari.

Sisi wenyewe pia tuna wajibu, na hapa najua nitawaudhi majirani. Ukimwambia mtu Nakivale apande mti wa matunda, anajibu kwamba hapa si kwetu, kesho tutaondoka. Wengine wanasubiri kupelekwa Marekani au Kanada, wengine wanasubiri amani Kivu. Jibu hilo nimelisikia kwa watu ambao watoto wao wamezaliwa hapa, wakasoma hapa, na sasa wana watoto wao. Kijijini kwetu kuna mparachichi mkubwa ambao wazee wanasema waliukuta. Aliyeupanda alikuwa mkimbizi kama sisi, akaondoka, na sasa watoto wa mataifa manne wanagombania matunda yake. Viwanja vimekuwa vidogo, ni kweli, na mparachichi unataka nafasi. Ukame nao unatupiga. Mwaka 2016 Isingiro ilikauka hadi migomba ikaanguka. Hata hivyo si kila tunda linadai shamba au miaka.

Mche wa parachichi uliopandikizwa unataka miaka mitatu au minne. Basi acha huo. Pasheni inapanda kwenye ua na kuzaa kabla mwaka haujaisha ukiipa maji. Mpapai unazaa kwa kama mwaka mmoja, unataka nafasi ya hatua mbili, na maji ya kuoshea vyombo yanautosha wakati wa kiangazi. Miti mingine ya mpapai ni dume na haizai, kwa hiyo usipande mmoja ukakata tamaa. Chukua mbegu za papai ulilokula Mbarara, zioshe utelezi wake, zianike kivulini, kisha panda tatu au nne katika shimo moja lenye samadi. Zikitoa maua utaziona: dume hutoa maua madogo mengi yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu, jike hutoa ua kubwa lililokaa karibu na shina. Ng'oa madume, bakiza moja kwa ajili ya uchavushaji wa mtaa mzima, na ukisafiri mwakani beba papai lako mwenyewe kwenye teksi, pamoja na kisu na ndimu.